Bafu Livae Pindo: Vidokezo 13 vya Kupaka Nakshi za Pembe Ukutani

Hebu piga hesabu. Unapiga mswaki mara mbili kwa siku, unaoga, unajitazama kwenye kioo kabla ya kutoka, na wengine wetu (hatutaji majina) tunakaa mle na simu hadi miguu inakufa ganzi. Hakuna ukuta nyumbani kwako unaoutazama kwa karibu kuliko wa bafuni. Na hakuna uliosahauliwa kama huo.

Wikiendi hii tuupe nguo mpya. Pembe tatu, miraba, zigizaga, chochote chenye mistari iliyonyooka. Hujui kuchora? Vizuri sana, huhitaji. Aliyewahi kushika rula na kubandika tepu ameshafika nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni kujua makosa yako utayaficha wapi, na hapo ndipo nilipojifunzia kwa machozi.

1. Ukuta mmoja tu, tafadhali

Usiingie na tamaa ya kupaka kuta zote nne. Chagua mmoja: ulio nyuma ya sinki, au ule unaokutana nao ukifungua mlango. Zilizobaki ziache na rangi moja tulivu. Ukuta unaopigwa na maji ya bomba la mvua moja kwa moja waachie marumaru. Rangi pale itakupa furaha ya miezi michache tu. Na kama umepanga, mwambie mwenye nyumba mapema. Wa kwangu aliguna, akauliza bei ya rangi, kisha akasema nikihama nisiifute.

2. Mfahamu adui kabla ya kwenda dukani

Rangi ya zamani ni ya maji au ya mafuta? Chovya pamba kwenye spiriti, sugua mahali pasipoonekana. Rangi ikihamia kwenye pamba, ni ya maji. Pamba ikitoka safi, ni ya mafuta, na hapo kuna kazi kidogo: piga msasa mpaka mng'ao uishe, futa vumbi, paka praima. Ukiruka hatua hiyo, rangi yako mpya itabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Halafu kuna ule ukungu mweusi wa kwenye kona. Usiupake rangi juu! Utatokeza tena baada ya muda ukiwa na nguvu mpya. Changanya jiki kikombe kimoja na maji vikombe vinne, fungua dirisha na mlango, vaa glavu, paka, subiri dakika 15, suuza kwa maji, acha pakauke kabisa. Na hapa sitanii: jiki isikutane kamwe na ile dawa kali ya kusafishia choo. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na bafu ni chumba kidogo sana kwa gesi ya klorini.

Ukungu ukirudi ndani ya wiki moja, tatizo si rangi. Kuna bomba linavuja nyuma ya ukuta au chumba hakipumui. Mwite fundi bomba kwanza, nakshi itakusubiri.

3. Iba daftari la hesabu la mtoto

Lile lenye miraba midogo. Kila mraba uhesabu kuwa sentimita 10 za ukuta, kisha chora ukuta wako wote kwenye ukurasa mmoja. Kwa penseli, ukiwa umekaa na chai. Kosa la kwenye daftari linafutwa kwa kifutio, la ukutani linafutwa kwa siku nzima.

Umekosa wazo? Fungua kabati. Kanga imekwisha kukufundisha upangaji: ina pindo linalozunguka na mji katikati. Ukuta wako pia waweza kuwa na pindo la pembe tatu kwenye usawa wa macho, na mji wa rangi moja juu yake. Au geuza mkeka wa ukili uutazame vizuri. Zigizaga zake ni mistari ya mshazari inayopishana, hakuna muujiza. Majirani zetu wa Rwanda nao wana imigongo, michoro ya samadi ya ng'ombe iliyoinuliwa juu ya ubao, kwa kawaida ikiwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Ukiwahi kuiona utakubali kwamba rangi tatu zinatosha kumfanya mtu asimame mlangoni akisahau alichofuata.

(Samadi tuwaachie wenyewe. Ni bafu, jamani.)

4. Maumbo makubwa, roho tulivu

Hiki ndicho kidokezo kitakachokuokolea muda mwingi kuliko vyote, kwa hiyo acha kupitisha macho tu. Chukua ukuta wenye upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 2.4. Ukiugawa kwa miraba ya sentimita 30, na kila mraba ukaukata kwa mshazari, unapata pembe tatu 96. Zinapendeza kwenye daftari. Lakini mistari yake, ukiiunga, ni karibu mita 45 za tepu za kubandika, kukandamiza na kubandua.

Sasa ukuta huohuo ugawe kwa miraba ya sentimita 60. Pembe tatu 24, tepu kama mita 20. Kazi imepungua zaidi ya nusu, na ajabu ni kwamba chumba kidogo kikiwa na maumbo makubwa huonekana kimetulia zaidi. Vipande vidogo vingi huleta kizunguzungu, hasa asubuhi kabla ya chai.

Kama roho yako imependa pembe tatu zenye pande zote sawa, kumbuka namba moja: 0.866. Zidisha urefu wa upande kwa hiyo, unapata kimo. Upande wa sentimita 30 una kimo cha sentimita 26. Basi. Hesabu imekwisha, hakuna mtihani.

5. Usiuamini ukuta wako

Mara ya kwanza nilianza kwa kujiamini kutoka kona ya kushoto. Kona si imenyooka? Nikapima kutoka hapo, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika upande wa pili nikarudi nyuma hatua mbili kuangalia. Bafu zima lilikuwa limeinama kama dau lililopakia nazi upande mmoja. Fundi rangi aliyekuwa akimaliza kazi kwa jirani akachungulia, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa adabu zote: “Dada, hii ndiyo staili?”

Kona za nyumba zetu hazijanyooka. Dari nayo haijalala sawa, na marumaru zilipangwa na mtu aliyekuwa akiwahi daladala. Ukifuata kimojawapo, unarithi makosa yake na kuyazidisha kwa kila safu.

Yule fundi akatoa uzi mfukoni, akafunga ufunguo mwishoni, akauning'iniza juu ya ukuta. Ufunguo ukacheza, ukatulia. “Huo ndio wima,” akasema, “hiyo kona ni porojo.” Timazi ya shilingi sifuri! Kwa mistari ya mlalo tumia pimamaji, au ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga: ujaze maji, shika ncha moja huku, mwenzio ashike ya pili kule, na pale maji yanapotulia pande zote mbili ndipo usawa ulipo.

Sasa anza katikati. Tafuta kati ya ukuta, shusha timazi, chora mstari mwembamba wa penseli, kisha hesabu miraba kwenda kulia na kushoto. Vipande vya mwisho kwenye kona vitakuwa na upana usiolingana juu na chini. Viache hivyo hivyo! Hapo ndipo upotovu wa ukuta unapokwenda kujificha, na jicho halina habari nao, kwa sababu jicho linatua katikati. Kama unaweza kuchagua, kipande kibaya zaidi kiangukie nyuma ya mlango au nyuma ya tangi la choo. Taulo lililotundikwa mahali pazuri nalo lina faida zake.

Njia ya haraka ya kuhakikisha mraba ni mraba: pima kona kwa kona, mara mbili. Vipimo vikilingana, endelea. Kwa mraba wa sentimita 60, mshazari ni karibu sentimita 85.

6. Kopo moja, rangi tatu

Usinunue makopo matano ya rangi tano. Nunua nyeupe na rangi moja nzito unayoipenda, tuseme kijani cha mwembe au buluu ya jioni. Kisha chukua makopo matupu ya Blue Band (najua unayo, yamejaa vifungo na pini) uchanganye: moja nzito tupu, moja nusu kwa nusu, moja kikombe kimoja cha nzito kwa vitatu vya nyeupe. Una rangi tatu za ukoo mmoja, na haziwezi kugombana.

Changanya ya kutosha kwa mara moja. Ukirudi kesho kuchanganya nyingine hutaipata ileile, hata ukiapa. Na paka kidogo kwenye kipande cha boksi, kibandike bafuni, kitazame mchana, kisha usiku taa ikiwaka. Buluu iliyokuwa tamu saa nne asubuhi inaweza kugeuka kijivu cha huzuni chini ya taa ya manjano.

Ukitaka rangi ya kushtua, kama chungwa au nyekundu, itumie kwenye vipande vitatu au vinne tu. Ni pilipili hiyo, si mchele.

7. Ya maji au ya mafuta?

Jibu la haraka: ya maji, aina ya silki, ile inayong'aa kidogo na kuvumilia kufutwa kwa kitambaa. Inakauka kwa saa chache, brashi unaiosha kwa maji na sabuni, na harufu haitawahamisha watoto kwenda kwa bibi. Rangi ya mafuta ikikauka huwa ngumu na hung'aa sana, lakini kila mkono wa rangi unataka kusubiri hadi kesho yake, na brashi unaisafisha kwa thina.

Hata hivyo usizidharau zile rangi ndogo za mafuta za dukani. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za namna hiyo, za kupakia baiskeli, na mng'ao wake ukawa alama ya mtindo mzima unaobeba jina lake. Kwa vile vipande vichache vya pilipili, kopo dogo kabisa linatosha.

Kiasi gani? Lita moja ya rangi ya maji kwa kawaida hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Ukuta wetu wa mfano ni mita za mraba 4.3, kwa hiyo lita moja inatosha mikono miwili ya rangi ya chini. Muuza duka akikushauri ndoo ya lita 20, mshukuru kwa upendo wake.

8. Njia ya mvivu (nasema kwa heshima)

Kuna tatizo ambalo hakuna anayekuambia mpaka uko juu ya stuli. Tepu ikikaa kwenye mpaka wa maumbo mawili, lazima ilalie upande mmoja. Maana yake huwezi kupaka yote kwa pamoja: unapaka moja, unasubiri likauke, unahamisha tepu, unapaka jirani yake. Kwa pembe tatu 24, hiyo ni wiki.

Suluhisho? Acha tepu yenyewe iwe mstari. Paka ukuta mzima nyeupe au krimu, uache ulale usiku mzima. Kesho bandika tepu katikati kabisa ya mistari yako ya penseli, kisha paka maumbo yote siku hiyohiyo, kila moja na rangi yake. Ukibandua, kati ya maumbo kunabaki mistari myeupe iliyonyooka, na wageni watauliza fundi wako ni nani. Tepu ya milimita 24 inaacha mstari mnene wa kishujaa; ukitaka mwembamba, tafuta ya milimita 12.

9. Funga mdomo wa tepu

Kama utakumbuka kidokezo kimoja tu katika vyote, kiwe hiki. Rangi hupenda kupenya chini ya tepu, hasa kwenye ukuta wenye vijichembe, na ukibandua unakuta mstari wenye ndevu. Tumia ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi (si ya plastiki ya kufungia maboksi, itaondoka na plasta), ikandamize kingo zake kwa kadi ya zamani ya simu au kitambulisho kilichokwisha muda. Halafu, kabla ya rangi mpya, pitisha brashi kwenye kingo za tepu kwa rangi ileile ya chini. Ndiyo, nyeupe juu ya nyeupe. Inaonekana kama kazi ya kichaa.

Lakini fikiria: ile nyeupe ndiyo itakayopenya na kuziba nafasi zote. Ikikauka, rangi yako ya kijani haina pa kupita. Na kwa kuwa kilichopenya ni rangi ileile ya ukuta, hakuna atakayekiona.

10. Kila kipande kiwe na jina

Kabla ya kuchovya rola, bandika kipande kidogo cha tepu katikati ya kila umbo na uandike: N nzito, K kati, H hafifu. Utaona ni mambo ya kitoto mpaka simu ilie, uongee dakika tano, urudi usikumbuke uliishia wapi. Daftari liwe karibu, lakini si juu ya sinki lililojaa maji. Uliza daftari langu.

11. Mikono miwili myembamba

Rola ndogo ya sponji kwa katikati, brashi ndogo kwa pembe kali. Mkono mwembamba, subiri ukauke kama kopo linavyoelekeza, mkono wa pili. Anayejaza rangi nyingi kwa haraka hupata michirizi, kisha hukwangua, kisha hulaumu rangi.

Paka kutoka juu ya tepu kuingia ndani ya umbo, usisukume rangi kuelekea tepu. Na zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kusogeza kitambaa chenye maji karibu na soketi.

12. Bandua ingali teke

Hapa ndipo watu huharibu kazi ya siku nzima kwa hamu ya kwenda kulala. Usiache tepu hadi kesho! Mkono wa mwisho ukiwa bado laini kidogo, vuta tepu taratibu ukiikunja kuirudia yenyewe, kwa mshazari, si kuichomoa moja kwa moja kuja kwako. Ikikauka sana rangi hushikana na tepu na kuchanika nayo. Kama umechelewa, pitisha wembe kwa wepesi kwenye kingo kwanza.

Hii, kwa maoni yangu, ni dakika tamu kuliko zote. Waite watu wa nyumbani washuhudie. Waache watoto wavute vipande vya chini.

Bado kuna mstari ulioharibika? Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1991 alipaka nakshi za Kindebele kwenye gari zima la BMW, huchora bila rula kwa kutumia unyoya wa kuku. Sisi hatuna mkono huo, lakini tunaweza kuazima kitu kimoja kutoka nakshi za Kindebele: mstari mweusi unaotenganisha maumbo. Sentimita moja ya rangi nyeusi juu ya mpaka uliovuja, na ghafla kosa linakuwa mtindo. Ila ukiuweka kwenye mpaka mmoja, uweke kwenye yote, vinginevyo itajulikana.

13. Upe ukuta siku zake

Rangi kukauka kwa kidole si kukomaa. Ya maji inaweza kuhitaji wiki mbili hadi nne mpaka iwe ngumu kweli. Siku mbili za kwanza ogeni kwa ndoo na kwa unyenyekevu, mkimwaga maji mbali na ukuta, dirisha likiwa wazi. Mwezi wa kwanza usiusugue. Ukichafuka, kitambaa laini chenye maji tu.

Rangi iliyobaki imimine kwenye vichupa vya jemu, kila rangi na chake, andika jina na tarehe juu ya kifuniko, funga vizuri. Siku mlango utakapogonga ukuta, na utagonga, utahitaji matone mawili tu na brashi ya mtoto ya shule. Ukirudisha lile daftari la hesabu, mpe na penseli mpya, maana yake imeisha ukutani.